Wengi wa Bungeni Huanzia kwa Msajili
(Hotuba kwa makatibu wa vyama, viranja na makarani wa mabunge ya kaunti)

Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa viranja mnaosimamia wabunge wa vyama vyenu, makarani wetu wa mabunge ya kaunti, makatibu wa vyama, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mada niliyopewa ni jinsi kiongozi wa wengi anavyopatikana bungeni pale mizani ya vyama inapogeuka. Wengi wetu tumezoea kuufikiria huu kama ugomvi wa siasa: nani ana wabunge, nani kanunua nani, nani kaonekana Ikulu asubuhi. Nitawaomba tuuangalie kama kazi ya ofisi. Kwa mujibu wa sheria zetu hapa Kenya, anayeamua nani ni wengi si kelele za ukumbini wala picha ya pamoja kwenye ngazi za Bunge. Ni mkataba uliowekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, tarehe uliyowekwa, na barua iliyofika mezani kwa Spika ikiwa na kumbukumbu za mkutano. Karatasi hizo zikikosewa, chama kinaweza kushinda viti na kushindwa uongozi.

Tuanze na Katiba, Kifungu cha 108. Kinasema kutakuwa na kiongozi wa wengi na kiongozi wa wachache. Kiongozi wa wengi ni yule anayeongoza, katika Bunge la Kitaifa, chama au muungano wa vyama ulio mkubwa zaidi. Kiongozi wa wachache ni yule wa chama au muungano wa pili kwa ukubwa. Someni hapo polepole. Katiba haikusema "zaidi ya nusu". Ilisema mkubwa zaidi. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349: 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wa kike 47, na 12 wa kuteuliwa. Spika hayumo katika hesabu hiyo, na hana kura. Nusu na mmoja juu ni 175. Lakini muungano wenye 165 unaweza kutoa kiongozi wa wengi bila tatizo lolote, mradi wa pili yake ana 164 au chini. Makatibu wengi hupoteza usingizi wakitafuta 175, hali sheria inawadai wampite mwenzao tu.

Jambo la pili katika kifungu hicho, na hili husahauliwa hata na mawakili: kinataja Bunge la Kitaifa peke yake. Seneti inapata viongozi wake kupitia Kanuni zake za Kudumu. Mabunge ya kaunti yanawapata kupitia Sheria ya Serikali za Kaunti, sehemu ya 10. Maneno yanafanana, lakini chanzo cha mamlaka si kimoja, na ukienda mahakamani na chanzo kisichofaa utarudishwa nyumbani kabla hujafungua kinywa.

Sasa, kabla ya kiongozi wa wengi kuna Spika, na hawa wawili tusiwachanganye. Spika wetu hatoki miongoni mwa wabunge. Kifungu cha 106 kinataka awe mtu anayestahili kuchaguliwa mbunge lakini si mbunge. Naibu wake ndiye anayetoka ukumbini. Kikao cha kwanza huitishwa na Rais kisizidi siku 30 baada ya uchaguzi. Mwaka 2022 uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti na kikao kikawa tarehe 8 Septemba, siku ya thelathini kamili. Siku hiyo Karani ndiye anayesimamia shughuli. Wabunge huapishwa kwanza, kisha ndipo Spika achaguliwe, na asiyeapa hapigi kura. Karatasi za uteuzi wa wagombea ziwe zimemfikia Karani saa 48 kabla, zikiwa na sahihi ya mgombea na wabunge wawili wanaomuunga mkono. Kura ni ya siri. Raundi ya kwanza inadai theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 katika Bunge la Kitaifa na 45 katika Seneti yenye maseneta 67. Asipopatikana mtu, wawili walioongoza hurudi kwenye debe, na safari hiyo anayepata kura nyingi ndiye Spika.

Angalieni yaliyotokea 2022. Moses Wetang'ula alipata kura 215, Kenneth Marende 130. Mia mbili na kumi na tano hazikufika 233, kwa hiyo sheria ilidai raundi ya pili; Marende akakubali matokeo na mambo yakaishia hapo. Upande wa Seneti, Amason Kingi alipata 46, kura moja tu juu ya kizingiti. Kwa wale wanaopenda kumbukumbu za mbali zaidi, Januari 2008 Marende huyo huyo alimshinda Francis ole Kaparo kwa kura 105 kwa 101, na kwa kanuni za wakati ule ikachukua raundi tatu. ODM, chama cha Raila Odinga kilichomsimamisha Marende, ilikuwa na viti 99 dhidi ya 43 vya PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, na bado ikabidi itoe jasho, kwa sababu vyama vidogo ndivyo vilivyoshika ufunguo.

Nawapa hesabu hizi kwa sababu moja. Kura ya Spika haithibitishi nani ni wengi. Kura 215 za Wetang'ula zilizidi kwa mbali idadi ya wabunge waliochaguliwa kwa tiketi za vyama vya Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto uliomsimamisha. Mbunge akipiga kura ya siri kwa mgombea wa upande wa pili, hajahama chama. Hajasaini chochote. Kiranja anayesimama na kusema "sisi ni wengi, tazameni kura ya Spika" ameleta ushahidi usiohusu kesi. Hoja hiyo ilitolewa sana mwaka ule, hata na watu waliostahili kujua zaidi.

Kuna nchi ambako mambo haya mawili ni kitu kimoja. Kule Marekani, Spika wa Baraza la Wawakilishi ndiye kinara wa chama chenye wengi. Baada ya Republican kuchukua baraza hilo katika uchaguzi wa Novemba 2022, Kevin McCarthy alihitaji raundi 15, kuanzia tarehe 3 hadi 7 Januari 2023, kwa sababu kikundi kidogo cha chama chake mwenyewe kilimgomea. Na kule wajumbe hawaapi mpaka Spika apatikane, kwa hiyo siku zote hizo baraza halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyeapishwa. Kwetu mgogoro wa aina hiyo hauwezi kusimamisha Bunge, kwani wabunge wameshaapa na raundi ya pili haidai kizingiti. Mgogoro wetu huja baadaye, kwenye meza ya kiongozi wa wengi.

Haya, tuingie kwenye kiini.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, sehemu ya 10, inaruhusu vyama kuungana kabla ya uchaguzi au baada yake. Muungano wa kabla ya uchaguzi uwasilishwe kwa Msajili miezi mitatu kabla. Ule unaounda chama cha muungano, kama Azimio, muungano wa Raila Odinga, ulivyofanya, uwasilishwe miezi minne kabla. Hilo la chama cha muungano liliingizwa na marekebisho ya 2022. Muungano wa baada ya uchaguzi uwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kutiwa sahihi. Nyongeza ya Tatu ya sheria hiyo inaeleza mkataba uwe na nini ndani: vyama wanachama, sera, namna ya kugawana nafasi, namna ya kutatua migogoro, na namna ya kutoka. Hapo kwenye kutoka ndipo nyumba nyingi zinapobomokea. Wanasiasa husaini wakiwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasomi kifungu cha talaka.

Mwaka 2022, Maendeleo Chap Chap na Pamoja African Alliance zilikuwa ndani ya Azimio. Kabla ya uchaguzi zikataka kuhamia Kenya Kwanza. Masharti ya mkataba zilizosaini yakazibana, zikaingia uchaguzini zikiwa bado Azimio katika daftari la Msajili, ingawa viongozi wake walikuwa wakipanda majukwaa ya upande wa pili. Baada ya uchaguzi, hizo mbili pamoja na United Democratic Movement na Movement for Democracy and Growth zikatangaza kuwa sasa ziko na Kenya Kwanza. Vyama vinne, wabunge 14. Idadi ndogo, lakini mizani ilikuwa imekaribiana kiasi kwamba wabunge hao ndio walioamua kila kitu.

Kukawa na madai mawili. Kenya Kwanza ikamleta Kimani Ichung'wah kama kiongozi wa wengi. Azimio nayo ikasema wengi ni sisi, ikamleta Opiyo Wandayi. Spika akawasikiliza na tarehe 6 Oktoba 2022 akatoa uamuzi: Kenya Kwanza 179, Azimio 157. Ichung'wah akawa kiongozi wa wengi, Wandayi wa wachache. Kamati zikagawanywa kwa hesabu hiyo, na kazi ikaendelea.

Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu. Tarehe 7 Februari 2025 majaji watatu wakautengua uamuzi wa Spika. Walichotaka kuona ni kitu ambacho kila mmoja wenu anaweza kukielewa: iko wapi hati inayoonyesha kwamba vyama hivi vilitoka Azimio kwa kufuata sheria na kuingia Kenya Kwanza kwa kufuata sheria? Kwa hesabu iliyozingatiwa na mahakama, Azimio iliingia Bungeni na 171 na Kenya Kwanza na 165. Spika kuwahamisha wabunge 14 kutoka safu moja hadi nyingine bila hati mbele yake hakukuwa na msingi. Majaji waligusa pia suala la Spika kuwa wakati huo huo kinara wa chama cha Ford Kenya, wakasema vyeo hivyo viwili havikai pamoja.

Siku tano baadaye, tarehe 12 Februari, Spika alirudi ukumbini na uamuzi mpya: Kenya Kwanza 165, Azimio 154. Kwa hiyo kiti hakikuhama. Wengine walikasirika, wengine walishangilia. Mimi naomba mwangalie hesabu. Safari hii Kenya Kwanza haikuongezewa mtu. Ilibaki na 165 zake. Kilichopungua ni Azimio, kutoka 171 hadi 154, hasa kwa sababu waliotoka hawakuhesabiwa tena huko. Na kwa sababu Katiba inasema "mkubwa zaidi" na haisemi "zaidi ya nusu", 165 zikatosha. Ndiyo maana nilianza na neno hilo.

Jumlisheni miezi: kutoka Oktoba 2022 hadi Februari 2025 ni miezi 28. Muhula wa Bunge ni miezi 60. Karibu nusu ya muhula, kamati ziliundwa, bajeti zikapitishwa, na mawaziri wakahojiwa chini ya hesabu ambayo baadaye mahakama iliitengua. Ndiyo gharama ya kuacha swali la karatasi lijibiwe na majaji. Waswahili walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa wabunge huru. Hawa wana hali yao ya pekee. Kifungu cha 103 kinasema aliyechaguliwa akiwa huru akijiunga na chama anapoteza kiti. Basi anaweza kushirikiana na upande wowote, kupiga kura nao, kukaa nao, hata kusaini makubaliano ya ushirikiano. Lakini Kifungu cha 108 kinahesabu vyama na miungano ya vyama. Kwa maoni yangu, kiranja anayejaza safu yake kwa wabunge huru anajenga juu ya mchanga, na upande wa pili ukiwa na wakili mzuri hesabu hiyo haitasimama. Wahesabuni kwenye kura za miswada, si kwenye barua kwa Spika.

Na makubaliano ya aina nyingine? Tarehe 7 Machi 2025, Rais William Ruto na hayati Raila Odinga walitia sahihi makubaliano kati ya vyama vyao, UDA na ODM. Kabla ya hapo, mwaka 2024, wanasiasa wa ODM walikuwa wameshaingia Baraza la Mawaziri, akiwemo Wandayi mwenyewe, na nafasi yake ya kiongozi wa wachache ikaenda kwa Junet Mohamed. Watu wakauliza: chama kinachoshirikiana na serikali kinawezaje kutoa kiongozi wa wachache? Kisiasa swali ni zuri sana. Kisheria, maelewano ya kushirikiana si mkataba wa muungano chini ya sehemu ya 10. Chama hubaki pale daftari linaposema kiko. Wanaotaka jibu tofauti wabadilishe daftari.

Nije kwenye hatua zenyewe, maana hapa ndipo makatibu mnapofanya kazi, na hapa ndipo nimeona makosa yaleyale yakirudiwa.

Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa, ya 19 na ya 20, zinasema kiongozi anachaguliwa na wabunge wa chama au muungano. Hateuliwi na kinara wa chama, hateuliwi na Rais, ingawa sote tunajua majina hutoka wapi. Kwa hiyo lazima mkutano uwepo. Itisheni kwa ilani ya maandishi, itajeni ajenda, na mtaje wazi kwamba kuna uchaguzi au uondoaji wa kiongozi. Mkutano ulioitwa "kupokea salamu za kinara" na ukamalizika kwa kumng'oa kiongozi ni mwaliko wa kesi. Orodha ya mahudhurio isainiwe na kila mbunge kwa mkono wake, jina na eneo bunge. Msikubali mtu amsainie mwenzake aliyechelewa.

Kumwondoa kiongozi kunadai kura za wengi wa wabunge wote wa upande huo, siyo wengi wa waliohudhuria. Tofauti hii imewaangusha watu. Chukueni muungano wa wabunge 165. Wakihudhuria 100 na 70 wakaunga mkono, ukumbi utashangilia, lakini kilichohitajika ni 83. Karani makini atairudisha barua hiyo, na atakuwa na haki. Tena kiongozi anayeondolewa hatoki mpaka mwingine achaguliwe, hivyo fanyeni mambo yote mawili katika mkutano mmoja na muyaandike katika kumbukumbu moja.

Baada ya hapo, kiranja humwandikia Spika mara moja, akiambatanisha kumbukumbu za mkutano. Kiranja, nasema. Barua ya katibu mkuu wa chama kutoka makao makuu inaweza kusindikiza, lakini isichukue nafasi yake. Mgogoro mkubwa huja pale kiranja mwenyewe ni rafiki wa anayeondolewa na anakataa kuandika. Suluhu ni kumbadilisha kiranja kwanza, katika mkutano uleule, na liwe jambo la kwanza katika kumbukumbu, ili yule mpya awe na mamlaka ya kusaini. Mpangilio wa aya kwenye kumbukumbu si urembo. Ndio unaoonyesha nani alikuwa na kalamu saa ngapi.

Spika akishapokea, hutangaza ukumbini. Mpaka atangaze, aliyekuwepo ndiye kiongozi. Ana kiti katika Kamati ya Ratiba ya Bunge, na ndiye anayesoma shughuli za wiki.

Mwaka 2020 unafaa kusomwa na kila mmoja wenu, kwa sababu ndani ya miezi miwili tuliona njia zote mbili za kumwondoa mtu. Tarehe 11 Mei, Jubilee, chama tawala cha wakati ule, ilimwondoa Kipchumba Murkomen kama kiongozi wa wengi Seneti na nafasi ikaenda kwa Samuel Poghisio. Poghisio alikuwa wa KANU, si wa Jubilee. Hilo liliwezekana kwa sababu siku chache kabla Jubilee na KANU walikuwa wamesaini mkataba wa muungano wa baada ya uchaguzi na kuupeleka kwa Msajili. Bila hati hiyo, mtu wa KANU hangeweza kuwaongoza Jubilee. Malalamiko yakatolewa kuhusu mkutano ulivyofanyika na barua ilivyoandikwa. Spika Kenneth Lusaka akayakubali mabadiliko. Tarehe 22 Juni ikawa zamu ya Bunge la Kitaifa: Aden Duale akaondolewa, Amos Kimunya akaingia.

Linganisheni na Naibu Spika wa Seneti, Profesa Kithure Kindiki, aliyeondolewa katikati ya hayo, Mei 22. Yeye hakuwa wa chama. Alikuwa afisa wa Seneti nzima. Barua isingetosha. Ilihitajika hoja, mjadala, na theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 45. Zilipatikana 54 dhidi ya 7. Kwa hiyo kabla hujaanza kampeni ya kumng'oa mtu, jiulize kwanza kiti chake ni cha nani. Kiti cha chama huhitaji mkutano na barua. Kiti cha Bunge huhitaji theluthi mbili. Nimeona mabunge ya kaunti yakijaribu kumwondoa naibu wa spika kwa barua ya chama, na yakijaribu kumwondoa kiongozi wa wengi kwa hoja ukumbini. Yote mawili ni bure.

Nitawagusia makarani wa kaunti kwa ufupi, kwa sababu kwenu kuna ugonjwa wa pekee. Madiwani wa vyama mbalimbali hukutana hotelini, wakaunda kile wanachokiita muungano wa kaunti, wakadai wao ndio wengi. Muungano haufanywi na madiwani. Unafanywa na vyama, kwa Msajili, kitaifa. Kama vyama vyao haviko katika mkataba uliowekwa, basi hao ni marafiki, na urafiki hauhesabiwi. Ugonjwa wa pili ni barua mbili: moja ya katibu mkuu Nairobi, nyingine ya madiwani wenyewe, majina tofauti. Spika asichague anayempenda. Aombe kumbukumbu na orodha ya mahudhurio ya pande zote mbili, amwandikie Msajili kuuliza rekodi inasemaje, na kama mgogoro ni wa ndani ya chama awarudishe kwenye chombo chao cha kusuluhisha. Wasiporidhika, lipo Jopo la Kusuluhisha Migogoro ya Vyama vya Kisiasa, lakini jopo litawauliza kwanza kama walijaribu nyumbani.

Je, Spika akikabiliwa na majina mawili na hati zisitoshe, afanye nini? Iko rekodi moja ya zamani inayofaa, ya chini ya Katiba iliyopita. Mwaka 2009, Rais Mwai Kibaki alimpendekeza Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, na Waziri Mkuu Raila Odinga akajipendekeza mwenyewe. Tarehe 28 Aprili, Spika Marende alikataa kuchagua kati yao. Akasema hana uteuzi halali mbele yake, akaongoza yeye mwenyewe Kamati ya Ratiba mpaka wakubaliane. Wapo walioona kwamba alikwepa. Mimi naona alifanya kilicho ndani ya mamlaka yake: kazi ya Bunge haikusimama, na hakuwaandikia wenzake mkataba ambao hawakuwa wameuandika. Spika anayepima hati zilizopo yuko salama. Anayejaza pengo la hati kwa busara yake mwenyewe ndiye atakayeitwa mahakamani.

Mwisho ni kalenda. Uchaguzi ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10 Agosti 2027. Kwa wanaotaka chama cha muungano, miezi minne kabla yake ni tarehe 10 Aprili, na hiyo ni Jumamosi, kwa hiyo msipange kufika kwa Msajili baada ya Ijumaa tarehe 9. Kwa muungano wa kawaida ni Jumatatu tarehe 10 Mei. Kabla ya kusaini, kila chama kipitishe uamuzi katika vikao vyake kwa mujibu wa katiba yake, na nakala ya uamuzi huo iambatanishwe, maana pingamizi rahisi kuliko yote ni kwamba aliyesaini hakutumwa. Kifungu cha kutoka kiandikwe kwa tarehe na idadi ya siku, kieleze ilani inatolewa kwa nani, na kieleze wabunge wa chama kinachotoka wanahesabiwa upande gani ilani inapoendelea kuhesabiwa. Sijaona mkataba wenye sentensi hiyo ya mwisho. Vyama vinne vya 2022 vingekuwa nayo, mahakama ingekuwa na kazi ya asubuhi moja.

Mwenyekiti, naona saa. Makatibu wenye nakala za mikataba yao wazitoe, tuanze na maswali ya kifungu cha kutoka.